Wimbo Niliomtungia Mtani Wangu

Isufo mwanangu,

Nakuandikia ukiwa nyumba ya tatu tu kutoka hapa. Nasikia sauti yako unavyoaga majirani, nasikia na wanavyokucheka kwa kuwa unaenda kuwa mtu wa ofisi. Ningeweza kukuita ukaja. Lakini nina neno limenikaa kooni, na nikikutazama usoni halitatoka. Begi lako liko chumbani limeshafungwa. Alasiri hii nimepita mbele yake mara tatu, na mara zote tatu nimetamani kulifungua nione umebeba nini. Sikulifungua. Naandika kwa herufi hizi za shikola, za shuleni, ulizonifundisha mwenyewe ulipotufuata kambi ya wakimbizi, basi ukikuta kosa jicheke wewe mwalimu.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za sala zako. Hayo unayajua, na kama huyafanyi si kwa sababu hukuambiwa. Nataka kukuuliza jambo moja. Yule bwana wa ofisi aliyekuja juzi kuchukua karatasi zako, aliyekanyaga mchanga wetu na viatu vyeupe, wimbo aliokuwa akiupiga mluzi pale uani aliupata wapi?

Wewe ulikuwa ndani unatafuta bilieti yako ya kitambulisho. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Yeye amesimama, mikono mfukoni, anapiga mluzi kama mtu asiye na haja na mtu. Mstari wa kwanza nikadhani nimesikia vibaya. Wa pili ulipokuja, mkono wangu ukakwama juu ya mbuzi. Nikamuuliza, "Baba, wimbo huo wa wapi?" Akacheka. Akasema, "Wa hapahapa kwenu, mama." Kisha akanitazama kama mtu anayejua kitu changu.

Najua utakachosema. Utasema mahadhi yale ni ya wimbo wa harusi na kila mtu wa pwani hii anayajua. Ni kweli, hata mimi niliyaazima harusini. Labda bwana yule alikuwa anakumbuka harusi yake. Lakini wiki mbili kabla ya siku hiyo ulivuta kiti ukakaa karibu nami, mtoto ambaye kwa kawaida ukikaa karibu nami unataka chakula, ukaniambia, "Mama, niimbie ule wimbo wa Mzee Salimu. Niuweke kwenye telefoni, niwe nausikiliza nikikukumbuka huko Pemba." Nami, mjinga wa sifa, nikaimba. Beti zote. Wa tatu niliurudia kwa sababu kuku alipiga kelele. Mwanangu, mimi si mtu wa ramli, ila moja na moja najua kujumlisha.

Uliniambia kazi yenyewe, ofisini kwao Pemba makao makuu ya mkoa wetu, ni kutengeneza sauti na picha. Hukuniambia ni za nani na dhidi ya nani. Aliyeniambia ni yeye mwenye viatu, tena kwa kunisifia: "Mwanao ana kipaji, mama. Yule mama mwalimu tutamchekesha mpaka ajifiche ndani." Mama mwalimu anayegombea kuongoza manispaa yetu ni mmoja tu, Anshia, binti wa Mzee Salimu. Nikaendelea kukuna nazi ambayo ilikuwa imeshakwisha.

Nami sina usafi wa kukuhukumu. Ile picha uliyonionyesha mwezi uliopita, uso wa Anshia umeuweka juu ya mwili wa mbuzi, mbuzi anasimama ubaoni anafundisha, niliicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye nikajiuliza mbona nimecheka na yule mwanamke hajanikosea kitu. Tangu hapo nimekuwa nakichunguza kicheko changu mwenyewe kama ninavyochunguza samaki wa jana sokoni, nafunua mashavu kwanza.

Sasa nikueleze habari ya wimbo, maana wewe unaijua kama kichekesho tu, na mimi ndiye niliyeiacha hivyo.

Watu wa ukoo wetu, wenye asili ya Quiterajo, na watu wa ukoo wa Mzee Salimu, ambao babu yao alivuka Rovuma kutoka upande wa Lindi akaja kushona kanzu hapa, ni watani. Utani huo ulianzishwa na nani sijui, tulizaliwa tukaukuta. Ninyi watoto wa vita hamkuuona ukifanywa sawasawa. Babangu alipofariki, Mzee Salimu aliteremka kaburini akaketi humo. Akasema, "Nzee huyu nchoyo! Tangu ujana wake kaninyima pweza. Hazikwi ntu hapa mpaka nipewe pweza wangu." Wanaume waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Akaletewa kipande kwenye bakuli, akakila mlemle, akapangusa mdomo. Halafu yeye ndiye aliyenyoosha mikono akampokea babangu na kumlaza kwa upole kama anamlaza mtoto.

Mamake Salimu alipofariki, zamu ikawa yangu. Jeneza lilipotaka kutoka nikatandika mkeka mlangoni nikajilaza. "Haitoki maiti hapa! Kibibi hiki si chetu, kirudisheni ng'ambo kwao! Ardhi yetu haikitaki!" Salimu kucheka hawezi, kulia hawezi. Mpaka akaniletea kanga mpya ndipo nikaondoka mlangoni. Lakini alfajiri ile maji ya kumwoshea bibi yule nani aliyateka? Mimi. Nani alimwosha, akamsuka nywele? Ni mimi huyuhuyu wa mlangoni. Hivyo ndivyo matusi ya mtani yalivyo. Anayekutukana ndiye anayekuosha, na wote waliokuwa pale walikuwa wanalijua hilo.

Basi ikaja kampanya, kampeni ya uchaguzi wa manispaa. Wewe ulikuwa hujatiwa jando. Mzee Salimu, fundi cherehani, mtu wa watu, akaingia kugombea kwa chama cha upande ule. Kikundi chetu cha akina mama cha kucheza tufo kikaitwa na chama cha upande huu. Sikuwa wa huku wala wa kule, nilikuwa wa ngoma. Akaja kijana mmoja mpole sana, akatugawia kapulana mpya za kujifunga, akatusifu, kisha akanigeukia mimi mtunzi. "Mama, huyu Salimu, watu wa hapa wanamcheka kwa lipi?"

Lishike swali hilo, Isufo, maana nimelirudia kichwani miaka yote. Hakuniuliza Salimu amefanya nini. Hakuniuliza kama amedhulumu mtu, kama amesema uongo, kama anajua kuendesha manispaa au hajui. Aliuliza tunamcheka kwa lipi. Nami nikamjibu papo hapo, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Huyo? Huyo wa ng'ambo." Akaandika kwenye daftari.

Kesho yake wimbo ulikuwa tayari.

*Nrudisheni ng'ambo, nrudisheni,*
*ardhi imenkataa, maji yanamwita,*
*koti kavaa la kwetu, ntu si wa kwetu.*

Nilikuwa nimeutoa utani mlangoni kwa maiti nikaupandisha juu ya lori lenye spika. Sikuwa na ugomvi na Salimu hata chembe. Ningekuwa nao labda ningejihadhari, mtu mwenye chuki huwa anajijua. Mimi nilikuwa nafurahi tu. Lori likizunguka kila bairo, mtaa kwa mtaa, wanawake wanapiga vigelegele, watoto wanakimbia nyuma, na mimi juu nimeshika kipaza sauti, kapulana mpya imenikaa kiunoni. Nilipendeza. Naandika hili kwa aibu lakini ni kweli, sijawahi kupendeza vile tena.

Siku ya pili Salimu mwenyewe alikuja hapa nyumbani. Akasimama palepale aliposimama yule mwenye viatu vyeupe, akaanza kuucheza wimbo wake mwenyewe, anakatika kiuno, mzee mwenye ndevu. "We nchawi wa Quiterajo! Umenitangaza nji wote bure bure, wala sijakupa hata kitambaa!" Tukacheka sote. Akanywa kahawa. Alipokuwa anavaa makubazi akasema, polepole, bila kunitazama, "Mimi najua unanitania, ntani. Ila wale wanaousikia kwenye spika, wao hawajui."

Nikamwambia, "Aa, kampanya ni kampanya, ikiisha imekwisha." Nikaona nimesema jambo la busara.

Haikwisha. Salimu alishindwa, na hilo si neno, mtu hugombea akashindwa akarudi kwenye cherehani yake. Lakini wimbo ulibaki mtaani hauna mwenyewe. Anshia, wakati huo msichana wa sekondari, akawa hawezi kupita bila kuitwa Ng'ambo. Walimwita wenzake, kisha wakamwita watu wazima, kisha mwalimu mmoja akamwita hivyo darasani, wote wakacheka. Bilieti ya Salimu ilipokwisha muda, akaenda kuibadilisha. Karani mmoja, mgeni kutoka kusini, hata Kiswahili chetu hakijui vizuri, akamwambia alete cheti cha kuzaliwa cha babake. Akapeleka. Akaambiwa alete cha babu. Fundi cherehani wa zamani vile, cheti chake kitatoka wapi? Salimu alimwuliza kwa nini wengine hawaombwi. Karani akasema, tena si kwa ukali, "Mzee, si wanasema wewe mtu wa ng'ambo? Mji mzima unaimba." Njoo wiki ijayo, njoo mwezi ujao. Ikawa hivyo, na Salimu akabaki na kadi iliyokwisha muda.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Sijawahi kumwambia mtu, na marehemu babako alikufa hajui.

Siku tulipokimbia vita, wewe nilikuwa nimeshakutanguliza Nampula kwa mjombako. Sisi wengine tulitembea mpaka njia panda ya Awasse, na pale palikuwa na kizuizi. Walikuwa watu wenye bunduki. Walikuwa wa nani sitaandika, maana barua husomwa na macho ambayo haikuandikiwa. Walikuwa wanauliza kila mtu jina, kwao, bilieti. Salimu alikuwa mbele. Mimi nilikuwa mtu wa nne nyuma yake. Alipotoa ile kadi iliyokwisha muda, mwenye bunduki aliigeuza, akaigeuza tena. "Wa wapi wewe?" Salimu akasema, "Wa hapa. Nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa." Mwenye bunduki akainua uso akatuuliza sisi foleni nzima, "Mnamjua huyu? Wa wapi?"

Kila mtu alikuwa anamjua. Hakuna kanzu ya Idi katika foleni ile ambayo hakuishona yeye. Na katika kimya kile sauti ya mwanamke mmoja kijana, wa bairo letu, ikatoka, "Wa ng'ambo huyo." Sidhani alitaka kumwua mtu. Nadhani alikuwa na hofu, na hofu ikamtoa neno lililokuwa karibu mdomoni, na lililokuwa karibu nililiweka mimi. Wawili watatu wakacheka, kile kicheko cha woga.

Salimu akageuka. Akanitafuta kwa macho akanipata. Akasema, "Ntani, waambie."

Maneno mawili, Isufo. Nilichotakiwa kusema hakikuwa kirefu. Huu ni utani, nimeutunga mimi, huyu ni mtu wa hapa, mamake nimemwosha kwa mikono yangu. Ningelimaliza kabla ya mtu kukohoa. Nikatazama chini. Nikajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, kama mwanamke anayejali kitambaa chake. Wakamtoa kwenye foleni wakampeleka nyuma ya ukuta, na sisi tukaambiwa tupite, nami nikapita.

Alirudi baada ya wiki nyingi, alitukuta kambini, huko tulikokuwa tukiitwa deslokadu, watu waliohamishwa na vita. Mkono wa kulia hauwezi kushika sindano. Hakuniuliza kitu. Aliniamkia kila asubuhi, "Sabalkheri, dada." Dada. Hakuniita mtani tena, wala hakunitukana. Watu waliona ananiheshimu. Mimi nilijua ameniondoa.

Akafariki miezi mitatu kabla hujatufuata. Wewe ulipofika nilikwambia aliumwa, na si uongo, kila anayekufa anaumwa. Alfajiri niliposikia, nilichukua ndoo nikaenda kwenye tangi la maji nikaijaza. Nilikuwa naipeleka. Nilifika karibu na hema lao, nikamsikia Anshia ametoka nje anauliza kwa sauti, mbele ya watu, "Ntani wetu yuko wapi? Hapa hakuna ntani?" Nilikuwa hatua kumi tu, nyuma ya hema la jirani, ndoo mkononi. Nikaitua ndoo chini. Ningekwenda kujilaza mlangoni niseme nini? Arudishwe ng'ambo? Jeneza likatoka bila mtu kulizuia, watu kimya, haraka, kama wanabeba mbao. Wakamzika kwenye udongo mwekundu wa watu, mbali na bahari, mbali na mamake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Nilikuwa nikiimba methali hiyo kwenye harusi za watu, nikiwatisha wake wenza.

Wewe utasema, "Mama, zama zimebadilika, siku hizi kila mtu anafanya hivyo, nao wa upande wa Anshia wanafanya." Najua wanafanya. Usidhani nawaamini. Nimeona walivyomsema mgombea wenu kwamba hana uwezo wa kuzaa, wakamchora na nguo za kike. Siamini upande wowote ule, Isufo, nimekuwa mwanamke wa kushuku mpaka salamu. Mtu akinisalimu kwa furaha nyingi mwezi wa kampanya, naangalia mikono yake. Na siku hizi namshuku zaidi anayenichekesha kuliko anayeniomba kura, maana wa pili ninajua anachotaka.

Sikukatazi kucheka. Mtu akiahidi barabara ya Pundanhar katika kila kampanya, na kila masika gari zinalala tope lilelile, mcheke, mtungie wimbo, mimi nitakusaidia vina. Alichokifanya ni chake, na akitaka kicheko kikome anaweza kuitengeneza barabara. Lakini Salimu angefanya nini ili babu yake awe hakuvuka Rovuma? Anshia afanye nini awe binti wa mtu mwingine? Unayemcheka kwa asichoweza kukibadili unakuwa umemfungia mlango kwa nje. Sitaki kukuhubiria, mahubiri unayapata msikitini. Nakwambia nilichokiona mtu wa nne nyuma yake.

Na kitu kingine ambacho ninyi wa telefoni hamnacho. Mimi nilipomtukana mamake Salimu, kila aliyesikia alikuwa ameniona nimebeba maji. Tusi na maji vilikuwa pamoja. Wewe ukiirusha sauti kutoka Pemba, nani atayaona maji yako? Na unayo? Ukimgeuza mwanamke mbuzi leo, siku ya msiba wake utakwenda kukaa na watu wake? Kama huendi, basi wewe si mtani wake, na usiuite utani.

Leo baada ya adhuhuri nilikwenda kwa Anshia. Hilo hukulijua. Nilipiga hodi, akaja mlangoni, na alichosema ni "Karibu, bi mkubwa." Nikakaa. Nikamwambia yote. Wimbo ni wangu, Awasse nilinyamaza, ndoo niliijaza sikuifikisha. Sikulia, nilikuwa nimejikataza, maana niliogopa machozi yataomba msamaha kabla yangu. Alikuwa anakunja karatasi zake za kampanya, hakuacha kukunja hata mara moja.

Nilipomaliza akasema, "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa na ntu, nwanangu."

"Mwezi huu kila anayekuja kulia hapa ana telefoni imewashwa nguoni. Simama, bi mkubwa. Fungua kapulana."

Nikasimama. Mwanamke wa umri wangu, nikafungua kapulana mbele ya binti niliyemshika siku saba zake, nikaikung'uta. Ukaanguka ufunguo wa mlango tu. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningepekua na kilemba. Akauokota ule ufunguo akanipa mkononi, ndipo akaniuliza, "Na mwanao? Kesho anakwenda Pemba kufanya kazi ya nani?"

Isufo, nilifungua mdomo kukutetea. Kila mama ana maneno yake tayari kwa siku kama hiyo. Nilitaka kusema mwanangu hawezi. Nikamkumbuka yule bwana na mluzi wake, nikakumbuka ulivyovuta kiti. Nikasema, "Sijui." Anshia akatikisa kichwa kidogo, akaendelea kukunja karatasi zake, na nikaona huruma usoni mwake. Amenihurumia mimi, binti wa Salimu, kwa sababu yako. Nimeaibika mara nyingi katika maisha haya lakini ile ya leo iliniuma pabaya.

Labda nakudhulumu. Labda wimbo umo kwenye telefoni yako peke yake na bwana yule alikuwa anakumbuka harusi. Ikiwa ni hivyo, nisamehe, na ujue mama anayemshuku mwanawe hulala vibaya kuliko mwana anayeshukiwa. Labda pia naandika haya kwa ajili yangu mwenyewe, ili nijioshe kwa maji yako. Nimelifikiria hilo vilevile, na siwezi kukuapia kwamba sivyo.

Lakini kama umewapa, jua nitakachofanya. Siku sauti yangu itakaposikika kwenye spika hapa mjini, nitatoka nitakwenda mbele ya gari lao, nimevaa hivihivi. Nitawaambia watu aliyeimba ni mimi, nitawaambia na yaliyotokea Awasse, na wakiniuliza sauti imewafikiaje wale nitakutaja kwa jina lako na la babako. Sitatazama chini mara ya pili, hata kama anayeumia ni wewe. Nakupenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote. Nitakutaja nikiwa nakupenda.

Kesho gari lenu litapita Awasse, na mtafika Pemba jua halijazama. Usinipigie kuniambia umefika salama, hilo nitaambiwa na wengine. Nipigie uniambie sauti yangu umeifanya nini.

Mamako